Kurasa 13 za Bilali: Kumtafuta Babu Aliyefanywa Mtumwa

 

Ndugu msomaji, Aya ya 5 ya Suratul Ahzab inatuamrisha kuwanasibisha watu na baba zao. Afanye nini basi mtu ambaye babu yake alitekwa, akavushwa bahari, akauzwa na kuhesabiwa kuwa mali ya mwingine? Hili ndilo swali la mamilioni ya watu weusi wa Marekani. Sensa za nchi hiyo za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao. Majina yao wenyewe kwa kawaida hayakuandikwa. Utumwa ulifutwa 1865, na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wale wote walioachwa huru. Anayepanda juu katika nasaba yake hufika hapo akakuta mlango umefungwa.

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake zilivuka mlango huo, ingawa alikwishafariki kabla ya sensa ya 1870. Naye ni Bilali Muhammad wa kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia. Anatajwa kuwa mwenyeji wa Timbo, Futa Jallon, katika Guinea ya leo. Alifikishwa kwanza visiwa vya Bahama, kisha mwanzoni mwa karne ya 19 akawa katika shamba la Thomas Spalding hapo Sapelo, akawa msimamizi wa watumwa wenziwe. Habari zake zimetufikia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni maandishi. Bilali alimwachia kasisi na mwandishi Francis Goulding kijitabu cha kurasa 13 kwa hati ya Kiarabu ya namna ya Kimaghribi. Kwa miaka mingi kilidhaniwa kuwa ni kumbukumbu za maisha yake, au hesabu za shamba, kwani waliokuwa nacho hawakujua kukisoma. Mwaka 1939 mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg aliwaonesha maandishi hayo wanachuoni wa Kihausa mjini Kano, Nigeria. Wao wakayatambua: ni vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani (aliyefariki 386 H/996 M), kitabu cha fiqhi ya Kimaliki. Mnasomeka humo habari za udhu, adhana na Sala.

Risala kwa wanafunzi wa Afrika Magharibi ni kama Safinatun Najah kwetu sisi Mashafii wa mwambao. Maandishi ya Bilali yana makosa mengi, na wengi wanaona kuwa aliandika alichokihifadhi kifuani. Hilo lenyewe ni ushahidi. Mtu hahifadhi Risala asiyoisoma. Basi huyu alikaa chuoni mbele ya mwalimu kabla ya kutekwa.

Njia ya pili ni vinywa vya kizazi chake. Katika miaka ya 1930 waandishi walizunguka pwani ya Georgia wakiwahoji wazee, na mahojiano hayo yakachapishwa 1940. Katie Brown, kitukuu wa Bilali, alisimulia kuwa Bilali na mkewe Phoebe walishika sana nyakati za ibada: jua likichomoza, likiwa utosini na likizama, juu ya mkeka na tasbihi mkononi. Miongoni mwa mabinti zao walikuwamo Medina, Fatima na Bintu. Akakumbuka pia vikate vya mchele uliotwangwa ambavyo bibi yake Margaret, binti wa Bilali, aliwagawia watoto siku moja kila mwaka, navyo vikiitwa "saraka". Je, msomaji, neno hilo lahitaji kufasiriwa kwako? Uislamu ulikuwa umekwishakatika kisiwani, lakini sadaka ilibaki na jina lake.

Hata hivyo mtafiti ahadhari. Kisiwa jirani cha St. Simons kilikuwa na Muislamu mwingine, Salih Bilali wa Masina, ambaye barua ya bwana wake kumhusu ilichapishwa 1844. Anayeshika jina tu bila ya mahali na mmiliki atachanganya watu wawili.

Ama hukumu, wanachuoni wa madhehebu manne wamekubali kuwa nasaba huthibiti kwa istifadha, yaani habari iliyoenea na kupokewa na watu wengi, kwa sababu uzazi wa zamani hauna shahidi wa macho aliye hai. Maandishi peke yake ndiyo yaliyozuiliwa na wengi wao kuwa hoja kamili, kwa kuwa hati hufanana. Kwa Bilali, viwili hivi vimesaidiana: kijitabu chaeleza elimu yake, na vinywa vyaeleza kizazi chake.

Nasi wa mwambao tuzingatie. Unguja utumwa ulikatazwa kisheria 1897, na majumbani mwetu wako wazee ambao babu zao waliletwa kutoka bara kwa nguvu. Wengi huificha habari hiyo kwa kuona haya. Aibu ni ya aliyeteka, si ya aliyetekwa. Basi tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuyaandike majina, na karatasi zenye hati ya Kiarabu zilizomo makashani zisitupwe kabla hazijasomwa na anayejua.

Wallahu a'lam.