Kitu, Uwakilishi Wake na Maelezo Yake: Lafey Katika Wavuti

Jina Lafey lina wenyewe kadhaa. Upo mji wa Lafey, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Ipo kaunti ndogo ya Lafey katika Kaunti ya Mandera. Na lipo eneo bunge la Lafey, mojawapo ya 290 zilizotokana na Katiba ya 2010, lililomchagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Mwenyeji hatatizwi na wingi huu, kwani muktadha humwonyesha linalokusudiwa. Tarakilishi haina bahati hiyo. Tuseme anwani moja ya wavuti imetumiwa kwa yote matatu, kisha ikaandikiwa kwamba Lafey ilianza 2013. Mji utakuwa mdogo kuliko wajukuu wa wazee wake.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi wasanifu wa wavuti walivyolikabili tatizo hili. Katika tasnifu yake ya mwaka 2000, Roy Fielding alitenganisha rasilimali na uwakilishi wake. Rasilimali ni chochote kinachoweza kutajwa: hati, huduma, mtu, mji. Kivinjari hakiletewi rasilimali yenyewe bali uwakilishi wake: matini, picha au ramani. Anwani moja yaweza kumletea huyu matini ya Kiswahili na yule ya Kisomali, ilhali rasilimali ni ile ile. Sisi wanafasihi tumelizoea jambo hili. Utendi mmoja huwa na nakala ya herufi za Kiarabu na nyingine ya herufi za Kirumi, na kadi yake ya maktaba si utendi wala si nakala. Tarehe ya mnakili si tarehe ya mtunzi. Ni wangapi miongoni mwetu hawajawahi kuzichanganya?

Ugumu hasa ni kwamba mji haupitishiki katika waya. Mnamo Juni 2005, jopo la usanifu la W3C, asasi inayosimamia viwango vya wavuti, lilitoa uamuzi. Seva ikijibu kwa msimbo 200, yaani ombi limefaulu, anwani ile ni ya hati. Ikijibu 303, yaani tazama kwingine, rasilimali yaweza kuwa chochote, mji ukiwemo, na mwulizaji huelekezwa kwenye anwani ya pili yenye maelezo. Baadhi ya wataalamu walilalamikia safari hizo mbili. Kwa maoni yangu, gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kuchukua maelezo kuwa ndicho kitu chenyewe.

Gharama ya kosa hilo inajulikana huko huko Kaskazini Mashariki, nje ya wavuti. Kambi za Dadaab, Garissa, zilianza mwaka 1991. Wapo Wakenya wa jamii ya Kisomali walioandikishwa humo kama wakimbizi wakati wa ukame, wengine wakiwa watoto, ili wapate chakula. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zilionekana katika sajili ya wakimbizi, wakanyimwa. Sajili ilikuwa maelezo tu, tena ya msimu wa njaa. Njia ya kujinasua ilikuwa uhakiki: wazee na maofisa waliketi, mwombaji akasimama mbele yao, nao wakaulizana huyu ni mtoto wa nani.