Waya Wenye Kiini: Teknolojia Ndogo Inayoamua Ubora wa Chuma

Na Mwandishi Wetu

NONDO iliyo ndani ya nguzo ya daraja, reli inayobeba treni ya umeme na bomba linalopeleka maji kijijini vyote vina asili moja. Kila kimoja kilianza kikiwa uji wa moto ndani ya chungu kikubwa cha kiwandani. Katika hatua hiyo, kabla chuma hakijaganda, dakika chache tu huamua kama bidhaa itakayotoka itadumu kwa miongo mingi au itapasuka kabla ya wakati wake.

Miongoni mwa vifaa vinavyotumika katika dakika hizo ni waya ambao wananchi wengi hawajawahi kuuona wala kuusikia. Ni waya wenye kiini: bomba jembamba la bati la chuma lililojazwa unga wa madini, linalosukumwa kwa kasi hadi ndani ya chuma kilichoyeyuka. Wataalamu wa uzalishaji wa chuma duniani wamekuwa wakiuboresha kwa zaidi ya miongo minne, na sababu za kufanya hivyo zinagusa gharama za viwanda, usalama wa wafanyakazi na ubora wa majengo na miundombinu.

Kwa nini chuma huongezewa madini

Chuma kinapoyeyushwa huwa na oksijeni ndani yake. Oksijeni hiyo isipoondolewa, chuma hujaa mapovu kinapoganda. Njia iliyozoeleka ya kuiondoa ni kuongeza alumini, ambayo huikamata oksijeni na kuunda chembe ndogo ngumu ziitwazo alumina. Sehemu kubwa ya chembe hizo huelea na kuingia katika slagi, yaani taka zinazoelea juu ya chuma, ambazo wahunzi wa zamani waliziita mavi ya chuma. Hata hivyo, si zote hutoka.

Zinazobaki ndizo zenye matatizo. Alumina huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 2,000 za Selsiasi, wakati chuma kwenye chungu huwa na nyuzijoto zipatazo 1,600. Chembe hizo hubaki zikiwa ngumu, hushikana, kisha huganda kwenye kuta za tundu ambalo chuma hupitia kuelekea kwenye mashine ya kumimina mfululizo. Tundu likiziba, umiminaji husimama, na chuma kilichobaki kwenye chungu hulazimika kurudishwa na kuyeyushwa upya kwa gharama nyingine ya umeme. Chembe zinazopita nazo hubaki ndani ya bidhaa. Katika reli au spring'i ya gari, chembe moja ngumu yaweza kuwa mahali ambapo ufa huanzia baada ya chuma kubebeshwa mzigo mara nyingi.

Hapo ndipo kalsiamu huingia. Kiasi kidogo cha kalsiamu kikichanganyika na alumina, huibadili kuwa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 1,400. Chembe zilizokuwa ngumu na zenye ncha hugeuka kuwa matone ya mviringo, ambayo hayagandi kwenye tundu na huelea kwa urahisi zaidi kuelekea kwenye slagi.

Ugumu wa kalsiamu

Tatizo ni kwamba kalsiamu haikubali kukaa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Huchemka kwenye nyuzijoto 1,484, chini ya joto la chuma chenyewe. Aidha, uzito wake kwa ujazo ni chini ya robo ya uzito wa chuma, hivyo huelea. Ikitupwa juu ya chungu, hugeuka mvuke, huwaka kwa mwanga mkali na kupotea hewani ikiwa moshi mweupe kabla haijafanya kazi yoyote.

Katika miaka ya 1970, baadhi ya viwanda vya Ulaya vilianza kupuliza unga wa kalsiamu na silikoni kwa gesi ya agoni kupitia bomba refu lililozamishwa ndani ya chungu. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini ilihitaji mitambo mikubwa, ilirusha matone ya chuma na ilipoza chuma. Waya wenye kiini ulikuja kurahisisha kazi hiyo. Bati jembamba la chuma hukunjwa kuwa bomba, hujazwa unga, hufungwa kwa mshono na kuviringishwa kwenye roli kubwa. Mashine huuvuta kutoka kwenye roli na kuusukuma chini kama uzi unavyopita kwenye cherehani.

Siri yake iko kwenye kina. Kila mita moja na nusu hivi ya chuma kilichoyeyuka huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya ardhi. Kwenye nyuzijoto 1,600, mvuke wa kalsiamu huwa na mgandamizo unaokaribia mara mbili ya ule wa hewa. Maana yake ni kwamba kalsiamu ikiachiliwa karibu na uso wa chungu hulipuka kuwa mvuke, lakini ikiachiliwa kwenye kina cha mita moja na nusu au zaidi, uzito wa chuma kilicho juu yake huizuia kuchemka. Hubaki ikiwa matone, hupanda polepole na kupata muda wa kukutana na chembe za alumina.

Kwa hiyo kazi ya ganda la waya ni moja: kukilinda kiini hadi kifike chini.

Hesabu ya sekunde moja

Ganda hilo halidumu. Likiingia kwenye chuma cha moto, kwanza chuma kilichoyeyuka huganda kulizunguka kwa sababu waya ni wa baridi. Baadaye tabaka hilo huyeyuka pamoja na ganda lenyewe, na unga huachiliwa. Yote hayo hutokea ndani ya muda mfupi mno.

Kwa mfano, waya unaosukumwa kwa kasi ya mita 150 kwa dakika husafiri mita mbili na nusu kwa sekunde. Ganda likidumu sekunde moja, unga utaachiliwa kwenye kina cha mita mbili na nusu. Likidumu nusu sekunde, unga utatoka kwenye kina cha mita moja na robo, na sehemu kubwa ya kalsiamu itapotea.

Suluhisho linaloonekana jepesi ni kuongeza kasi, lakini kasi nayo ina mipaka. Waya ukisukumwa haraka mno waweza kugonga sakafu ya chungu na kuharibu matofali yanayohimili moto, au ukajipinda na kurudi juu kabla ganda halijayeyuka. Ndiyo maana juhudi nyingi za uboreshaji zimeelekezwa kwenye waya wenyewe.

Maeneo manne ya uboreshaji

Eneo la kwanza ni ganda. Waya wa kawaida wenye kipenyo cha milimita 13 huwa na ganda lisilofikia unene wa nusu milimita. Baadhi ya nyaya mpya zina ganda la milimita moja au zaidi, hivyo huchelewa kuyeyuka na hazijipindi kirahisi. Gharama yake ni kwamba nafasi ya unga hupungua, na mashine ya kusukuma huhitaji nguvu zaidi. Watengenezaji wengine wameweka tabaka la karatasi maalumu kati ya magamba mawili ya chuma ili kuzuia joto lisipenye haraka. Njia hiyo nayo inadai uangalifu, kwa kuwa karatasi ina kaboni na haidrojeni, vitu ambavyo havitakiwi kuingia kwa wingi katika baadhi ya aina za chuma.

Eneo la pili ni mshono. Ganda lililokunjwa tu laweza kufunguka waya unapopinda kwenye mashine, unga ukamwagika njiani au unyevu ukapenya. Mshono uliofungwa vizuri au uliochomelewa huondoa udhaifu huo.

Eneo la tatu ni kiini. Unga usioshindiliwa sawasawa huacha mapengo, na mapengo hayo yana maana kwamba mita moja ya waya ina dawa nyingi na mita inayofuata ina dawa kidogo. Fundi anayehesabu mita hawezi kujua amepeleka kiasi gani. Baadhi ya nyaya sasa hutumia fimbo ya kalsiamu tupu badala ya unga. Uchaguzi wa mchanganyiko pia una umuhimu wake: kuunganisha kalsiamu na silikoni hupunguza ukali wa kuchemka, lakini chuma kisichotakiwa kuwa na silikoni nyingi huhitaji waya wa kalsiamu na chuma, au wa kalsiamu peke yake.

Eneo la nne ni namna ya kuutumia. Bomba la kuongozea linapaswa kuuelekeza waya wima, mahali ambapo chuma hakibubujiki kwa nguvu kutokana na gesi ya agoni. Agoni yenyewe hupunguzwa wakati wa kuingiza waya, ili ichanganye bila kuvunja tabaka la slagi na kukiacha chuma wazi kwa hewa.

Faida kwa takwimu

Kwa waya wa kawaida, kiasi cha kalsiamu kinachobaki ndani ya chuma mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 20. Kwa chungu cha tani 100 kinachopewa kilo 20 za kalsiamu, asilimia 15 ni kilo tatu tu. Kilo 17 zilizobaki hulipiwa kisha huishia kwenye moshi na slagi. Waya bora ukifikisha asilimia 30, matokeo yaleyale hupatikana kwa kilo 10. Waya unaotumika huwa mfupi, moshi hupungua, chuma hakirukiruki kwa wingi, na mfanyakazi aliye karibu na chungu huwa salama zaidi.

Faida nyingine ni uhakika. Kalsiamu ikipungua, alumina hubaki ngumu. Ikizidi katika chuma chenye salfa nyingi, huungana na salfa na kuunda chembe nyingine ngumu zinazoziba tundu lilelile. Kwa sababu hiyo salfa hupunguzwa kwanza, na kalsiamu hupimwa kwa makini. Waya usiotabirika huifanya kazi hiyo kuwa ya kubahatisha.

Uhusiano wake na Tanzania

Teknolojia hii haitumiki kwa kiwango sawa kila mahali. Nondo nyingi za ujenzi hutengenezwa kwa kuyeyusha chuma chakavu, na oksijeni huondolewa kwa silikoni na manganizi badala ya alumini, hivyo uhitaji wa kalsiamu huwa mdogo. Aidha, vyungu vidogo havina kina cha kutosha kuizuia kalsiamu kuchemka, jambo linalofanya ubora wa ganda uwe muhimu zaidi pale waya unapotumika. Vilevile waya hauwezi kurekebisha malighafi mbaya. Chuma chakavu chenye fosforasi au shaba nyingi hubaki na kasoro hiyo, hata kikiongezewa madini ya aina gani.

Picha hiyo inaweza kubadilika kadiri nchi inavyoelekea kuzalisha chuma kutoka kwenye madini yake. Hifadhi ya Liganga, wilayani Ludewa mkoani Njombe, inakadiriwa na Serikali kuwa na tani milioni 126 za madini ya chuma, ambayo pia yana vanadi na titani. Karibu yake ipo Mchuchuma, yenye makaa ya mawe yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428. Uzalishaji wa chuma cha reli, mabomba na mitambo unadai usafi wa kiwango cha juu kuliko nondo za kawaida, na hapo ndipo ujuzi wa kutibu chuma ndani ya chungu huwa wa lazima.

Sekta ya maji nayo inahusika. Mabomba ya chuma cha kusubu yasiyovunjika kirahisi hutengenezwa kwa kuongeza magnesi, metali inayochemka kwenye nyuzijoto zipatazo 1,090. Waya wenye kiini ni miongoni mwa njia za kuiingiza magnesi hiyo bila mlipuko mkubwa.

Tahadhari kwa viwanda na wananchi

Waya wenye kalsiamu hutakiwa kuhifadhiwa mahali pakavu. Kalsiamu ikikutana na maji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huwaka. Katika maeneo yenye unyevu mwingi kama mwambao wa Bahari ya Hindi, roli zilizofunguliwa hazipaswi kuachwa wazi kwa muda mrefu. Ikitokea zikashika moto, maji hayafai kutumika kuuzima. Kinachotakiwa ni mchanga mkavu au unga maalumu wa kuzimia moto wa metali. Waya uliopata unyevu pia hupeleka haidrojeni ndani ya chuma na kuongeza hatari ya nyufa.

Kwa mwananchi anayejenga, waya huu hauonekani dukani na hana njia ya kujua kama ulitumika. Anachoweza kukagua ni matokeo: alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), alama ya mtengenezaji iliyochongwa kwenye nondo yenyewe, na kipenyo kinacholingana na kilichoandikwa. Nondo isiyo na alama hizo haina wa kuitolea maelezo pale nguzo itakapopata ufa.