Hatari Inayorudi na Mgonjwa Nyumbani

Mgonjwa anayetoka Ilembo, katika Manispaa ya Mpanda, kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kutibiwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Akirudi, daktari aliyemtibu hubaki huko, lakini hatari ya kiharusi hurudi naye na kudumu kwa wiki kadhaa.

Vyumba vya juu vya moyo vinapotetema badala ya kusukuma, damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilicho kando ya chumba cha juu cha kushoto, na hapo huganda. Mshtuko wa umeme huweza kurejesha mwendo wa mapigo papo hapo, lakini misuli hukawia kupata nguvu zake. Inapoanza tena kusukuma, donge huweza kung'oka na kupanda hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana viharusi vingi vya aina hii hutokea ndani ya siku 10 za kwanza, mgonjwa akijiona amekwisha kupona. Matibabu ya mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja ili kuunguza njia mbovu za umeme ndani ya moyo nayo huacha kidonda kinachovuta damu kuganda, ingawa wanaopata kiharusi ni pungufu ya mmoja kati ya 100.

Kinga ni dawa za kuzuia damu kuganda. Mapigo mabovu yakiwa yamedumu zaidi ya saa 48, dawa hutumiwa kwa kawaida wiki 3 kabla ya mshtuko na wiki 4 baada yake. Baada ya kuunguzwa, angalau miezi 2. Kwa mgonjwa ambaye vali yake imebanwa na makovu ya homa ya baridi yabisi, wafarini ingali dawa bora: utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, uliwakuta waliotumia rivaroksabani wakifariki zaidi.

Wafarini ina masharti. Kisamvu na matembele si haramu. Kinachovuruga dawa ni kula leo sinia zima na kukaa wiki mbili bila kuonja. La kuogopwa zaidi ni metronidazo, ambayo watu huinunua dukani kila tumbo linapochafuka: huongeza nguvu ya wafarini hadi mgonjwa akavuja damu.

Kwa mganga wa zahanati kuna mtego mwingine. Homa inayozuka ndani ya wiki 8 baada ya kuunguzwa, pamoja na maumivu wakati wa kumeza au dalili za kiharusi, yaweza kuwa tundu kati ya moyo na umio. Ni nadra, lakini huua. Kipimo cha malaria kifanywe, ila hata kikionyesha vimelea, mgonjwa apelekwe haraka penye CT, wala asiingizwe mpira wa kamera kooni, kwa kuwa hewa inayopulizwa humo huweza kufika kwenye ubongo.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, ndugu waandike saa dalili zilipoanza, wasimpe chakula wala aspirini, na wachukue barua ya hospitali inayotaja dawa anazotumia.