Prednisoloni na figo: pima mkojo kwanza, kisha maliza dozi

Mtoto wa Bariadi, mkoani Simiyu, akiamka kope zimevimba, na kufika jioni uvimbe umeshuka miguuni, ni rahisi kudhani ana utapiamlo. Kijiti cha kupimia mkojo kinaweza kuonyesha tatizo jingine: vichujio vya figo vinapitisha protini inayopaswa kubaki kwenye damu. Dawa ya kwanza hapo ni prednisoloni, steroidi inayotuliza kinga ya mwili, na katika nchi nyingi watoto wanane au zaidi kati ya kumi huacha kuvujisha protini ndani ya wiki 4. Mtoto wa kilo 15 huanza na miligramu 30 kwa siku, yaani vidonge sita vya miligramu 5. Idadi hiyo humtisha mzazi, na uvimbe ukishapungua hushawishika kuacha. Hatari kubwa, naona, imo katika kukatiza dozi, kwa sababu figo huanza kuvuja upya, na mwili uliozoea dawa hushindwa ghafla kutengeneza homoni yake wenyewe.

Wanaoiogopa dawa hii wana sababu: uso huwa mviringo, njaa na shinikizo la damu hupanda, na ikitumika muda mrefu hudumaza. Lakini jibu ni kuiwekea mpaka. Utafiti wa PREDNOS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa wiki 16 za dawa hazikuzuia ugonjwa kurudi vizuri zaidi kuliko wiki 8. Na kwa kuwa ugonjwa huwarudia watoto wengi, mzazi afundishwe kupima mkojo wa asubuhi nyumbani.

Simiyu ina jambo lake la ziada, nalo ni kichocho. Kile cha utumbo kinaweza kuharibu vichujio vya figo, na uharibifu huo kwa kawaida hausikii steroidi. Kifua kikuu kilichojificha huweza kuamka kinga ikishushwa, na minyoo ya strongiloidi ikasambaa mwilini hadi kuua. Kwa hiyo haya yachunguzwe mapema, hata kama dozi inachelewa siku chache. Kwa mtu mzima tahadhari huongezeka: chanzo chaweza kuwa kisukari, na steroidi huweza kuchukua hadi wiki 16 kuleta nafuu. Yeye hupewa rufaa, mathalani hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa kawaida daktari huhitaji kipande kidogo cha figo kichunguzwe kabla ya kuandika kidonge cha kwanza.