Mazoezi ni ya mgonjwa, si ya mchuaji

Mgonjwa wa kiharusi akirudi Ilagala kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, mara nyingi hukuta kila kitu tayari: godoro limehamishiwa sebuleni, mafuta ya mise yamo kwenye kichupa, na shangazi amekabidhiwa kazi ya kumchua asubuhi na jioni. Upendo upo wa kutosha. Ila mgonjwa amelala tu, anayetoka jasho ni shangazi.

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu ubongoni unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo hufa, na misuli iliyokuwa ikipokea amri kutoka hapo hukosa wa kuituma. Mkono wenyewe hauna jeraha. Kuuchua humpa mtu faraja, lakini hakuufundishi ubongo kuutuma tena. Ubongo hujifunza mgonjwa anapojaribu mwenyewe, akakosea na kurudia mara nyingi mno, mpaka sehemu zilizosalimika zishike kazi hiyo.

Tena arudie tendo lenyewe analolihitaji. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hii huboresha kutembea na matumizi ya mkono, japo kwa kiasi. Chukua kuinuka kitini. Aanze na kiti kirefu, nyayo zote mbili chini, visigino nyuma kidogo ya magoti, kisha ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame, mtu akiwa karibu upande dhaifu. Kigoda cha jikoni kije baadaye; ni kifupi, na ufupi huo ndio ugumu wake. Mkono nao upewe ungo wa dagaa wa kuchambua.

Marekani, jaribio la EXCITE lililochapishwa mwaka 2006 lilihusisha watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Waliopewa tiba walivalishwa glavu nene kwenye mkono wenye nguvu kwa wiki 2, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Nafuu yao ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Lakini wote walikuwa na uwezo kidogo wa kunyoosha kifundo cha mkono na vidole. Njia hiyo haimfai mwenye mkono uliolegea kabisa.

Haraka nayo ina mpaka. Katika utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, waliosimamishwa mapema sana na mara nyingi, ndani ya saa 24 za kwanza, walipata matokeo mabaya kidogo kuliko wenzao.

Je, familia inaweza kuchukua nafasi ya mtaalamu wa fiziotherapia? India ilijaribu, kwa wagonjwa 1,250. Matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti yoyote kati ya waliofanyishwa mazoezi na ndugu waliofundishwa na wale waliopata huduma ya kawaida tu. Habari hiyo inauma kwa vijiji vya pembezoni mwa mto Malagarasi, ambako ndugu ndio waliopo. Hata hivyo haisemi ndugu wakae pembeni. Inasema kuwafundisha kwa siku chache na kuwaacha peke yao hakutoshi, na kliniki ya marudio Maweni isikatwe kwa sababu ya nauli kama kuna namna.



Ndugu wakumbuke mambo mawili. Wanapompandisha mgonjwa kwenye boti, wasimvute kwa mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa kwapa, kwani bega lisiloshikwa na misuli huteguka upesi. Na maji ya kumkanda yapimwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Dawa za presha zinaendelea, hata mguu ukishapata nguvu.