Mzega wa Mpagazi na Mizani ya Ndege

Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua vitambaa, shanga na pembe za ndovu, kila mmoja akibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mizigo mingine ilifungwa mzega: nusu mbele, nusu nyuma, na mti ukilala begani. Mzigo wa nyuma ulipozidi, mpagazi alisogeza bega kuelekea nyuma. La sivyo mti ungemponyoka. Kanuni hiyo hiyo huziongoza ndege zitumiazo uwanja wa Tabora.

Ndege hubebwa na mabawa kama mzega unavyobebwa na bega. Tofauti ni kwamba rubani hawezi kuyasogeza mabawa; lazima aupange mzigo. Kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo uzito wote huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo, sharti kibaki ndani ya mipaka miwili iliyowekwa na watengenezaji. Kikiwa mbele mno, pua huwa nzito na ndege hushindwa kuinuka mapema. Kikiwa nyuma mno, pua hupanda kupita kiasi, mabawa hupoteza nguvu ya kuinua, na ndege yaweza kuanguka.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa darasani. Ndege ndogo, pamoja na abiria na mafuta, ina kilo 3,400, na kitovu chake ki mita 4.80 nyuma ya mstari wa kupimia. Mipaka ya kitovu ni mita 4.60 na 4.95. Kilo 200 za mizigo zinawekwa nyuma, kwenye mita 8.40. Kila uzito huzidishwa kwa umbali wake ili kupata momenti:

3,400 × 4.80 = 16,320
200 × 8.40 = 1,680
Jumla: kilo 3,600, momenti 18,000

18,000 ÷ 3,600 = mita 5.00. Kitovu kimevuka mpaka kwa sentimita 5.

Kilo 30 kati ya hizo, mzigo wa mpagazi mmoja, zikihamishiwa mbele kwenye mita 2.40, momenti hupungua hadi 17,820, na kitovu hurudi mita 4.95, mpakani kabisa. Je, kama kilo hizo 30 zingeachwa uwanjani? Jumla ingekuwa kilo 3,570, momenti 17,748, na kitovu mita 4.97: ndege ingekuwa nyepesi zaidi, lakini bado ingekuwa nje ya mpaka. Kupunguza uzito peke yake hakutoshi. Mahali pa mzigo pana neno lake.

GHARAMA YA MAKOSA

Mwaka 2003 ulitoa mifano miwili ya kusikitisha. Mwezi wa Januari, ndege ndogo ilianguka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo ya mkia ilikuwa imerekebishwa vibaya, na kwamba kitovu kilikuwa nyuma ya mpaka. Makadirio ya uzito wa abiria yaliyotumika yalikuwa madogo kuliko uzito wao halisi. Mwezi wa Desemba, huko Cotonou, Benin, ndege iliyozidiwa mzigo, na ambayo kitovu chake kilikuwa mbele mno, ilishindwa kupaa ipasavyo. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha.

Tabora ina sharti la ziada. Mji huo uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko pwani. Joto la Oktoba huipunguza zaidi. Ndege huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili ipae, na huenda ikalazimu mzigo upunguzwe. Ndiyo maana, katika safari za ndege ndogo, abiria naye huweza kuombwa apande mizani pamoja na mkoba wake. Anayeficha kilo chache huvuruga hesabu ambayo maisha yake mwenyewe yanaitegemea.