Pumzi ya kichanga: kila nyumba iyajue haya

Wiki hii tuzungumzie pumzi na moyo wa mtoto mchanga, hasa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa ya oksijeni huipata katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma, na damu yake nyingi huyapita mapafu pembeni kwa mshipa mfupi ulio juu ya moyo. Akizaliwa na kulia, mapafu hufunguka, na mshipa ule hujifunga, kwa kawaida ndani ya siku chache.

Kwa njiti sivyo mara zote. Mapafu yake hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate. Mshipa ule huweza kubaki wazi, damu ikafurika mapafuni na moyo ukachoka. Tena huweza kusita kupumua kwa sekunde 20 au zaidi.

Dakika ya kwanza

Mtoto asiyelia hukaushwa upesi na kusuguliwa mgongo. Asipopumua, mkunga humpulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Kumning'iniza kichwa chini, kumpiga makofi au kummwagia maji ya baridi hakumsaidii, bali humdhuru. Wakunga wa hospitali 8 nchini mwetu walipofundishwa kazi hii, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Basi tuzalie mahali penye mkunga na vifaa.

Uchungu ukianza mapema

Mama akifika hospitali mapema, huweza kupewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Enyi waume wa Ukerewe, Kome na mialo mingine, kivuko hakivuki kila saa. Wekeni akiba ya nauli na mjue ni boti ya nani itakayowavusha usiku. Wa Sengerema wamepata wepesi tangu daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Bugando na Sekou Toure zipo, lakini hazimfai aliyechelewa kutoka nyumbani.

Kifua cha mama

Njiti hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, soksi na nepi tu, akafungwa kwa kanga. Joto hutulia, na pumzi na mapigo ya moyo hutulia pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12. Waliosubiri kwanza hali itulie, asilimia 15.7. Mama husitirika vizuri kwa kanga na mtandio juu. Baba naye anaweza kumbeba. Hata safarini kwenda hospitali, mtoto awe kifuani.

Adhana, tahniki na udi

Adhana husomwa kwa sauti ya chini mtoto akiwa kifuani pa mama, na wala haizuii kazi ya mkunga. Kuhusu tahniki, njiti wengi hawajaweza kumeza na kupumua kwa mpangilio. Chochote mdomoni huweza kuingia mapafuni. Muulize daktari kwanza. Asali asipewe mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja. Udi, ubani na jiko la mkaa vikae mbali na chumba cha mzazi katika arobaini yote, kwani moshi huo huyaumiza mapafu machanga.

Dalili za hatari

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mkimbize hospitali ukiona:

- pumzi 60 au zaidi;
- kifua kinabonyea ndani au anaguna akitoa pumzi;
- ulimi una rangi ya bluu;
- anagoma kunyonya, au anatoka jasho na kuhema akinyonya;
- ni wa baridi, au ana homa;
- amesita kupumua. Msugue mgongo taratibu, usimtikise, kisha nenda hata kama amezinduka.

Ndugu zangu, kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu. Dua tuombe, na miguu iwe njiani. Wabillahi tawfiq.